Nywele za ndani ya sikio la mbwa: zinyonyolewe au ziachwe?

Mbwa mwenye damu ya pudeli (poodle, aina ya mbwa mwenye manyoya ya kusokotana) ana kawaida ya kuwagonganisha wataalamu wawili ambao mwenye mbwa anawaamini wote. Kinyozi wa mbwa atasema nywele zilizojaa ndani ya sikio lazima zinyonyolewe kila mbwa anapokuja kunyolewa, la sivyo sikio litaoza. Daktari wa mifugo, akimwona mbwa huyo huyo siku chache baadaye sikio likiwa jekundu, anaweza kuuliza ni nani kamnyonyoa na kwa sababu gani. Mwenye mbwa anabaki njia panda, na mara nyingi humfuata yule aliyesema mwisho.

Hapo hakuna anayedanganya. Kinyozi ameshaona masikio mengi yaliyozibwa na nywele zilizogandamana na nta. Daktari ameshaona mengi yaliyovimba baada ya kunyonyolewa. Kinachokosekana ni kwamba wote wawili huulizwa swali nusu: nywele zifanywe nini? Nusu ya kwanza, ambayo haiulizwi, ni sikio lenyewe liko katika hali gani. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua mengine yote.

Maneno matatu yanachanganywa sana, kwa hiyo tuyaweke sawa mapema. Kunyonyoa ni kuvuta nywele mpaka itoke na mzizi wake. Kupunguza ni kuikata kwa mkasi au mashine, mzizi ukabaki. Kusafisha ni kutoa nta na uchafu kwa dawa maalumu ya maji, bila kugusa nywele kabisa. Mtu akiambiwa "msafishe mbwa masikio" kisha akachukua kibano na kuanza kuvuta nywele, amefanya kazi nyingine ambayo hakutumwa.

Kwa nini hawa wana nywele hata huko ndani

Manyoya ya mbwa wengi hukua hadi urefu fulani, yakasimama, yakadondoka. Ya pudeli huendelea kukua kwa muda mrefu na hudondoka kidogo sana, ndiyo maana pudeli asiponyolewa hugeuka bunda la vifundo. Tabia hiyo haiishii mgongoni. Nywele huota pia ndani ya njia ya sikio, nazo hazina haraka ya kudondoka. Chotara wake hurithi hali hiyo kwa viwango tofauti: labradudeli aliyechanganywa na labrada, goldendudeli wa golden retriva, kokapu wa koka spanieli, kavapu, maltipu na wenzao. Watoto wa uzao mmoja wanaweza kutofautiana, mmoja sikio limejaa tele, ndugu yake karibu halina kitu.

Wengi huwachukua mbwa hawa kwa sababu ya sifa hiyo ya kutodondosha manyoya. Labradudeli alipata umaarufu mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Australia, pale Wally Conron, aliyekuwa akizalisha mbwa wa kuongoza wasioona, alipotafuta mbwa wa kumfaa mwanamke wa Hawaii ambaye mumewe alikuwa na mzio wa manyoya. Miaka mingi baadaye Conron mwenyewe alisema hadharani kwamba anajutia alichokianzisha, kwa kuwa watu walikimbilia kuchanganya mbwa bila kujali afya. Hilo lina mjadala wake. Linalotuhusu hapa ni kwamba mchanganyiko huo uliunganisha mambo mawili katika sikio moja: nywele za pudeli, na sikio la kuning'inia la labrada au spanieli ambalo hufunika tundu na kuzuia hewa.

Sikio lilivyo ndani

Ukitazama sikio la mbwa kwa juu unaona tundu tu, na ni rahisi kudhani kiwambo, yaani ngoma ya sikio, kiko papo hapo chini. Sivyo. Njia ya sikio hushuka kwanza kuelekea chini kando ya kichwa, kisha hukata kona kuingia ndani hadi kwenye kiwambo. Ifikirie kama bomba la maji machafu chini ya sinki, lile lenye kona. Nywele chache zikiingia kwenye bomba safi, maji yanapita na hakuna anayejua kama zipo. Mafuta yakianza kumiminwa humo, nywele zile zile zinayakamata, uchafu unashika juu yake, na siku moja maji yanasimama. Ukichomeka kijiti kwa juu hutoi kitu, unashindilia tu kwenye kona. Na ukichubua bomba kwa ndani, uchafu utapata pa kung'ang'ania zaidi.

Sikio lina jambo moja ambalo bomba halina: linajisafisha. Ngozi ya ndani ya njia ya sikio hukua polepole kutoka kwenye kiwambo kuja nje, ikibeba nta, vumbi na seli zilizokufa. Kwa mbwa mwenye sikio zima, kazi hiyo hufanyika yenyewe usiku na mchana, nywele zikiwepo au zisiwepo. Ndiyo maana wapo pudeli wazee ambao masikio yao hayajawahi kunyonyolewa wala kuugua.

Mafuta yanatoka wapi?

Hapa ndipo penye kiini, na ndipo mazungumzo mengi ya masikio yanapopapita haraka.

Ugonjwa wenyewe ni uvimbe wa njia ya nje ya sikio. Daktari akiuchunguza kwa hadubini mara nyingi hukuta bakteria, au aina ya fangasi iitwayo malasezia, au vyote viwili. Mwenye mbwa anasikia "fangasi" na anadhani wameingia kutoka nje, pengine kwa sababu ya nywele. Lakini vijidudu hivyo vilikuwapo tangu zamani, kwa idadi ndogo, juu ya ngozi ya mbwa mwenye afya. Kilichobadilika ni mazingira. Ngozi ya sikio ilipata joto na uvimbe, tezi zake zikamwaga nta nyingi kuliko kawaida, unyevu ukabaki ndani, na vijidudu vikazaliana kupita kiasi. Wingi wao unaongeza uvimbe, uvimbe unabana njia, njia iliyobanwa haijisafishi tena, na gurudumu linazunguka.

Nini kilianzisha uvimbe? Kwa mbwa ambaye masikio yanamrudia mara kwa mara, mshukiwa wa kwanza ni mzio: wa chavua, wa utitiri wa vumbi la nyumbani, au wa chakula. Ngozi ya sikio ni ngozi kama ya kwapa na tumbo, na mbwa wengi wenye mzio huonyesha dalili masikioni kabla ya kwingine. Angalia pia miguu. Mbwa anayelamba nyayo zake kila jioni na kuumwa masikio kila baada ya miezi michache hana magonjwa mawili, kwa kawaida ana moja. Visababishi vingine vipo, kama mbegu ya nyasi iliyozama ndani, utitiri wa sikio, na matatizo ya homoni kwa mbwa wenye umri mkubwa.

Nywele, maji ya kuogelea na sikio la kuning'inia ni vitu vinavyorahisisha ugonjwa. Vinaandaa uwanja, lakini peke yake mara chache huanzisha.

Utafiti wa Royal Veterinary College, chuo cha udaktari wa mifugo cha Uingereza, uliochapishwa mwaka 2021 unasaidia kulipima jambo hili. Watafiti walipitia kumbukumbu za kliniki za mbwa zaidi ya 22,000 na kukuta takriban 7 kati ya kila 100 waliugua njia ya nje ya sikio ndani ya mwaka mmoja. Labradudeli alikuwa miongoni mwa aina tano zenye hatari kubwa zaidi, karibu mara tatu ya mbwa chotara wa kawaida. Kinyozi atasema: si unaona, nywele hizo! Lakini tazama walio naye kwenye orodha: baseti, shapei, bigo (beagle) na golden retriva. Baseti na bigo wana manyoya mafupi na hakuna anayewanyonyoa masikio. Kinachowaunganisha wengi wao ni masikio ya kulala, njia nyembamba, au mwelekeo wa mzio. Pudeli wenyewe pia walikuwa juu ya wastani, kwa hiyo siwezi kuziachia nywele huru kabisa. Ila kuzibebesha lawama yote ni kumwacha mkosaji mkuu aondoke zake.

Basi ninyonyoe au nisinyonyoe?

Kila nywele inayong'olewa huacha kijitundu kilichochubuka. Kijitundu kimoja si kitu. Mamia kwa mpigo, ndani ya njia yenye joto na giza, huleta wekundu na majimaji, na majimaji hayo ni chakula kizuri cha bakteria. Mbwa wengine hawadhuriki hata kidogo. Wengine, hasa wenye mzio ambao ngozi yao tayari ina hasira, huanza kujikuna jioni ile ile. Huwezi kumjua mbwa wako yuko kundi gani kwa kumtazama usoni.

Kwa hiyo, sikio likiwa halina harufu, ngozi yake ina rangi ya waridi hafifu, nta ni kidogo, na mbwa hajali ukimshika, liache. Nywele zibaki hata kama zinaonekana nyingi. Madaktari wengi wa ngozi za wanyama wako upande huu, nami naona hoja yao ina nguvu: huwezi kuliboresha sikio ambalo halina shida, unaweza tu kuliletea shida.

Sikio likiwa linaumwa sasa hivi, usinyonyoe nyumbani wala usimruhusu kinyozi. Linauma, na mbwa atakumbuka nani alimuumiza. Ikibidi nywele zitolewe ili daktari aone kiwambo au ili dawa ipenye, yeye ndiye atakayezitoa, mara nyingi akiwa amempa mbwa dawa ya kumtuliza, na pengine baada ya siku kadhaa za dawa ya kupunguza uvimbe.

Linabaki kundi la tatu: mbwa ambaye ameshaugua mara kadhaa, nywele zake ni nzito kiasi kwamba nta inanasa na dawa ya matone inaishia juu juu. Huyu anaweza kufaidika na kunyonyolewa kwa ratiba, katika kipindi ambacho sikio limetulia. Uamuzi huo ufanywe na daktari aliyechungulia ndani. Kinyozi mzuri atakubali hilo bila kununa, na wapo wengi wa namna hiyo.

Kukiwa na ruhusa, zivutwe nywele chache chache, zile zinazoonekana mdomoni mwa tundu tu, kwa vidole au kibano chenye ncha butu. Nywele iliyokomaa hutoka kwa urahisi. Inayokataa iachwe. Kuzamisha kibano hadi mahali ambapo macho hayafiki ni hatari, na kuvuta fungu zima kwa mkupuo ni ukatili tu. Poda ambayo vinyozi hunyunyiza ili vidole visiteleze inafaa ikiwa kidogo sana. Ikizidi inachanganyika na nta na kuwa uji unaoganda kwenye ile kona.

Njia ya katikati ambayo nadhani haitumiwi vya kutosha ni kupunguza. Nyoa manyoya ya upande wa ndani wa sikio, yale yanayogusana na shavu, na yaliyozunguka tundu. Hewa inaingia, uzito unapungua, unaona vizuri, na hujang'oa hata nywele moja. Ziba tundu kwa kipande cha pamba wakati wa kunyoa ili vipande visidondokee ndani, kisha usisahau kukitoa.

Kusafisha bila kuharibu

Sikio zima halihitaji kusafishwa kila siku. Kuliloweka mara kwa mara kunalainisha ngozi kupita kiasi na kuvuruga ule usafi wake wa asili. Mchungulie mbwa mara moja kwa wiki na umnuse, kisha safisha pale nta inapoonekana, au baada ya kuogelea na kuoga. Mwenye historia ya kuugua atapangiwa ratiba na daktari, mara nyingi kila wiki moja au mbili.

Tumia dawa ya kusafishia masikio iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama. Shika chupa mkononi dakika chache ipoteze ubaridi, kwa sababu mbwa wengi huchukia baridi kuliko wanavyochukia kusafishwa. Inua sikio juu ili njia inyooke kiasi, mimina dawa mpaka ijae, bila ncha ya chupa kugusa ngozi. Kisha kanda sehemu ya chini ya sikio, pale unapohisi gegedu ngumu chini ya vidole, kwa muda wa nusu dakika. Utasikia sauti ya majimaji ikichubwika ndani, ni dalili kwamba dawa imefika chini na inalegeza nta. Mwachie atikise kichwa. Mtikiso huo ndio unaopandisha uchafu kutoka ndani, kwa hiyo usimzuie, simama mbali tu kama unaipenda nguo yako. Mwisho futa kwa pamba au shashi iliyozungushwa kwenye kidole, usiende mbali zaidi ya kidole kinapofika chenyewe.

Vijiti vya pamba viwekwe kando. Siki, spiriti na haidrojeni peroksaidi pia, hata kama jirani anaapa kwamba vilimsaidia. Kwenye ngozi iliyochubuka vinaunguza, na kama kiwambo kimetoboka vinaweza kudhuru sikio la ndani. Hiyo ndiyo sababu sikio lenye maumivu au usaha halisafishwi nyumbani kabla halijachunguzwa: aliyeko nje hawezi kujua kama kiwambo ni kizima.

Dawa ya matone iliyobaki kutoka ugonjwa uliopita ni mtego mwingine. Dalili zinafanana, kijidudu kinaweza kuwa tofauti, na dawa isiyolenga hufundisha bakteria usugu. Baadhi ya antibiotiki zinazowekwa masikioni zinaweza pia kuharibu usikivu zikipita kwenye kiwambo kilichotoboka. Daktari akisugua kijiti sikioni na kukipaka kwenye kioo cha hadubini, hafanyi hivyo ili kuongeza bili. Anachagua dawa. Na umwulize kuhusu kusafisha, kwa sababu zipo dawa nzito ambazo yeye huziweka mara moja zikae siku nyingi, ukisafisha umezitoa.

Uvumi mmoja zaidi: nta nyeusi ni utitiri. Kwa mbwa mdogo, au anayeishi na paka, inawezekana. Kwa mbwa mzima, uchafu wa kahawia wenye harufu ya chachu mara nyingi zaidi ni malasezia, na dawa ya utitiri ya kununua tu haitamfanyia chochote.

Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo kama anainamisha kichwa upande mmoja, anayumba, haitikii anapoitwa, macho yanachezacheza, au analia sikio likiguswa. Vivyo hivyo kama sikio limevimba ghafla na kujaa umajimaji; hiyo ni damu iliyovuja ndani ya ngozi kwa sababu ya kutikisa kichwa kupita kiasi. Kujikuna, harufu, wekundu na usaha vinaweza kusubiri siku moja au mbili, si wiki mbili.

Ugonjwa unaporudi

Harufu ikiisha, watu huacha dawa. Uvimbe wa ndani kwenye kona bado upo, na baada ya majuma kadhaa wanarudi kliniki wakisema dawa haikufaa. Muda ulioandikwa umalizwe, na mbwa arudishwe achunguliwe tena hata kama anaonekana mzima.

Akirudiwa mara ya tatu ndani ya mwaka, mazungumzo ya nywele yamefika mwisho wake na yaanze ya mzio. Ikishukiwa chakula, daktari humpa mbwa lishe ya majaribio yenye protini ambayo hajawahi kula, au iliyovunjwavunjwa ili mwili usiitambue, kwa wiki zisizopungua 8. Hakuna kipimo cha damu kinachoaminika kuchukua nafasi ya jaribio hilo. Kinacholiharibu karibu kila mara ni vitu vidogo: biskuti ya zawadi, kidonge cha minyoo chenye ladha ya nyama, makombo ambayo mtoto hudondosha chini ya meza. Masikio yakitulia, mbwa hurudishiwa chakula chake cha zamani kwa makusudi, na kama kujikuna kunarudi ndani ya wiki mbili hivi, jibu limepatikana. Yasipotulia, kinachofuata ni mzio wa mazingira, ambao hauponi bali hudhibitiwa kwa dawa za kutuliza mwasho, au kwa sindano za kuuzoesha mwili zinazotolewa kwa miezi na pengine maisha yote.